Sheria ya Haki za Watu wa Asili Mbilikimo (Kongo)

Sheria Na. 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda na kuendeleza haki za Mbilikimo wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakiwemo Wambuti wa Ituri na Watwa. Ilitiwa saini na Rais Félix Tshisekedi. Inatambua mila zao, dawa zao za asili na haki zao juu ya ardhi wanayoitumia.

Katika mkoa wa zamani wa Katanga, ulioongozwa kutoka Lubumbashi hadi ulipogawanywa mwaka 2015, suala la haki hizi ni zito: mapigano kati ya Watwa na jamii ya Waluba, hasa katika mkoa wa leo wa Tanganyika, yaliua na kuhamisha watu wengi. Changamoto kuu ya sheria hii ni utekelezaji: ardhi isiyo na hati, shule na zahanati za mbali, na uwakilishi mdogo serikalini.