Njia ya mswada wa utafiti wa seli kutoka Eldoret hadi jaridani

Katika jiji la Eldoret, ambako Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, maarufu kama MTRH, hushirikiana katika kufunza madaktari na kutafiti maradhi, swali moja humkabili kila mtafiti chipukizi wa seli punde tu majaribio yake yanapokamilika: mswada aupeleke wapi, na aupeleke vipi ili usirudishwe hata kabla ya kusomwa?

Swali hilo si la heshima pekee. Mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, wa mwaka wa 2014 ulimtaka mwanafunzi wa uzamifu awe amechapisha makala yasiyopungua mawili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu kabla ya kufuzu, na vyeo vya wahadhiri navyo hupimwa kwa kiasi kikubwa kwa yale waliyochapisha. Aidha, kuna mgonjwa. Limfoma ya Burkitt, saratani ambayo uvimbe wake hukua kwa kasi ya kutisha na ambayo huwashambulia zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, inajulikana vyema magharibi mwa Kenya. Matokeo yaliyolala ndani ya kompyuta ya mhadhiri hayamfikii daktari wa Kisumu wala wa Kampala.

Historia ya ugonjwa huo yaonyesha jinsi uchaguzi wa jarida unavyotegemea msomaji anayelengwa. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliueleza uvimbe huo wa taya mwaka wa 1958 katika British Journal of Surgery, jarida la wapasuaji wenzake. Makala hayo hayakuvuta macho ya wengi wakati huo. Mnamo Machi 1961 alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi kwa hadubini ya elektroni. Epstein akashuku kwamba nyuma ya uvimbe huo kuna virusi, na sampuli zikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Desemba 1963 ndege mojawapo ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu uliotanda London. Sampuli ilipomfikia mtafiti, maji yake yalikuwa yamechafuka, na mtu mwenye haraka angaliyamwaga akidhani yameingiliwa na bakteria. Kumbe zilikuwa seli hai za uvimbe, zikielea huru. Kutoka kwa seli hizo ilioteshwa maabarani nasaba iliyodumu, na ndani yake vikaonekana virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr. Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza habari hizo katika The Lancet la Machi 28, 1964, jarida linalosomwa na madaktari wa kila fani. Ugonjwa ulikuwa ule ule, lakini wasomaji walikuwa wengine kabisa.

Majarida ya baiolojia ya seli yana matakwa yake. Journal of Cell Science lilianza mwaka wa 1853 likiitwa Quarterly Journal of Microscopical Science, likabadilisha jina 1966. Journal of Cell Biology lilianzishwa 1955 kwa jina refu lililotaja sitolojia, likapata jina lake la sasa 1962. Cell lilianza 1974, na Nature Cell Biology 1999. Yote haya hutafuta jambo moja: seli hufanyaje kazi? Mswada unaosema kwamba kati ya wagonjwa kadhaa wa MTRH idadi fulani walikuwa na virusi hivi ni mswada mzuri, lakini hauna nafasi hapo. Mahali pake ni jarida la tiba au la saratani, na hakuna aibu yoyote kuupeleka East African Medical Journal, ambalo limekuwako tangu 1923. Ikiwa mswada unaonyesha namna virusi hivyo vinavyoizuia seli isife ilhali ilistahili kufa, hapo ndipo mlango wa jarida la seli unapofunguka. Watafiti wengi hupoteza miezi kwa kuanza na jarida lenye jina kubwa kisha kuteremka ngazi moja moja, wakati ambapo kusoma makala matano ya hivi karibuni ya jarida husika kungewaonyesha katika alasiri moja kama wanafaa au hawafai.

Upande wa pili wa uchaguzi ni kuepuka matapeli. Mwaka wa 2013 mwandishi John Bohannon wa jarida la Science aliandika makala ya uongo kuhusu kemikali ya mimea aina ya kuvumwani inayodaiwa kuzuia seli za saratani zisikue. Majaribio yaliyosimuliwa humo yalikuwa na kasoro ambayo mwanafunzi makini angeiona: seli zilizopewa dawa zilipigwa mnururisho ilhali za kulinganishia hazikupigwa. Akayapeleka kwa majarida 304 yanayotoza waandishi ada, akitumia majina ya kubuni ya watafiti wa Kiafrika na taasisi zisizokuwapo, mojawapo ikidaiwa kuwa Asmara. Majarida 157 yaliyakubali, 98 yakayakataa, na yaliyosalia ama yalikuwa yamekufa au yalikuwa bado yanatafakari. Kwa hiyo barua pepe inayomwita mtafiti “profesa mtukufu” na kumwahidi uchapishaji katika siku tano haistahili kujibiwa. Makala yakishatumbukia huko, kuyatoa ni kazi ngumu, na majarida ya heshima hayapokei kazi ambayo imekwisha kuchapishwa kwingine.

Kabla ya mswada kuandikwa, stakabadhi ziwe zimekamilika. Utafiti unaotumia damu au nyama ya mwili wa mgonjwa wa Eldoret huhitaji kibali cha kamati ya maadili ya pamoja ya MTRH na Chuo Kikuu cha Moi, iitwayo IREC, pamoja na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2013. Kibali hutangulia sampuli; hakiombwi baada ya matokeo kupatikana. Nambari yake hutajwa ndani ya mswada, na mhariri anaweza kuomba nakala. Sampuli zikivuka mpaka kwenda ng’ambo, pawepo mkataba wa uhamishaji unaoeleza nani anazimiliki na zitatumiwa kwa shughuli gani. Mgonjwa naye, au mzazi wake, awe ameridhia katika lugha anayoielewa. Mwaka wa 1951 seli za Henrietta Lacks zilichukuliwa Baltimore, Marekani, bila yeye kuulizwa, zikawa nasaba ya HeLa inayotumiwa katika maabara za dunia nzima, na familia yake ilifikia mapatano na kampuni moja kubwa ya vifaa vya maabara Agosti 2023 tu, zaidi ya miaka 70 baadaye.

HeLa hiyo hiyo ndiyo chanzo cha takwa jingine ambalo wengi hulidharau. Mwaka wa 1966 mwanajenetiki Stanley Gartler aliwaambia wenzake kwamba nasaba 18 za seli walizodhani ni za viungo mbalimbali kwa kweli zilikuwa HeLa zilizoingia chupani kwa uzembe na kuzishinda nyingine. Kuna waliochapisha kuhusu seli za ini wasijue kwamba walikuwa wakisoma seli za shingo ya kizazi. Ndiyo sababu majarida mengi leo humtaka mwandishi aseme alipata wapi seli zake, utambulisho wake ulithibitishwa lini kwa kipimo cha vinasaba, na kama zilipimwa zikaonekana hazina maikoplazma, vijidudu vidogo mno vinavyoweza kukaa ndani ya chupa bila kuonekana na kuharibu matokeo yote. Seli alizokabidhiwa mtafiti na rafiki wa maabara jirani si seli zilizothibitishwa, hata rafiki huyo awe mwaminifu namna gani.

Kisha zipo picha. Katika fani hii picha ndiyo ushahidi wenyewe, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Mwaka wa 2002 Journal of Cell Biology lilianza kukagua picha za kila mswada uliokubaliwa, chini ya Mike Rossner. Iligunduliwa kwamba takriban robo ya miswada hiyo ilikuwa na angalau picha moja iliyovunja masharti na kulazimika kutayarishwa upya, na kwamba asilimia moja hivi ilikuwa na udanganyifu uliobadilisha maana ya matokeo. Mwaka wa 2016 Elisabeth Bik na wenzake walipopitia makala 20,621 kutoka majarida 40, asilimia 3.8 yalikuwa na picha zilizorudiwa isivyostahili. Kanuni yenyewe ni nyepesi: haifai kuongeza, kuondoa, kuhamisha, kuficha wala kukoleza sehemu moja ya picha peke yake. Mwangaza waweza kurekebishwa ikiwa picha nzima imerekebishwa kwa kiasi kile kile. Faili asilia kutoka kwenye hadubini zihifadhiwe jinsi zilivyotoka, zikiwa na tarehe, kwa kuwa mhariri anaweza kuziitisha, na jibu la kwamba tarakilishi iliibwa halitamridhisha.

Suala la nani aandikwe kwanza limevunja urafiki mwingi. Masharti ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ambayo majarida mengi huyafuata, ni manne, na mtu sharti ayatimize yote: awe amechangia kwa uzito kubuni kazi, kupata data au kuifasiri, awe ameshiriki kuandika au kuuhakiki mswada, awe ameidhinisha nakala ya mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Mkuu wa idara aliyetia tu sahihi fomu si mwandishi, hushukuriwa mwishoni. Wala programu za akili bandia haziwezi kuwa mwandishi, na mtafiti aliyezitumia anatakiwa kutangaza hivyo.

Kwa Eldoret jambo hili lina uzito wa pekee. Ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani, ulianza 1989 na kuzaa mpango wa AMPATH mwaka wa 2001 wakati wa makali ya Ukimwi. Ushirikiano wa aina hiyo huleta vifaa na ujuzi. Hata hivyo, katika Afrika kwa jumla pamekuwapo malalamiko ya muda mrefu kwamba mwenyeji anayekusanya sampuli hujikuta katikati ya orodha ya waandishi, mahali pasipohesabiwa sana anapotafuta cheo. Mwaka wa 2021 wachapishaji wa PLOS walianza kuwataka watafiti wanaofanya kazi katika nchi za wengine waeleze wenyeji walishirikishwa vipi, na mkutano wa dunia kuhusu uadilifu wa utafiti uliofanyika Cape Town mwaka wa 2022 ulizaa tamko la haki katika ushirikiano. Maoni yetu ni kwamba nafasi za waandishi zipangwe kwa maandishi kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa, maana baada ya matokeo mazuri kila mtu hukumbuka mchango wake kuwa mkubwa.

Siku ya kuuwasilisha, mswada huambatana na barua kwa mhariri. Iwe ya ukurasa mmoja: swali lilikuwa nini, nini kimegunduliwa, na kwa nini wasomaji wa jarida hilo kijihusishe nacho. Sisi tunaohariri magazeti twajua kwamba mhariri aliyechoka husoma kichwa na aya ya kwanza, kisha huamua. Wa jarida la sayansi hana tofauti kubwa. Ikisiri nayo iseme matokeo badala ya kuahidi kwamba yatajadiliwa. Majarida kadhaa siku hizi hayajali mtindo wa marejeleo katika hatua ya kwanza, kwa hiyo hakuna haja ya kukesha ukipanga nukta na mikato. Mwandishi huweza kupendekeza wahakiki na kutaja asiowataka, ila asimpendekeze msimamizi wake wala mshirika wake wa karibu. Ruhusa pia ipo, katika majarida mengi ya fani hii, kuiweka nakala ya awali katika hazina ya bioRxiv iliyoanzishwa 2013.

Wahakiki wakiomba majaribio zaidi, mtafiti wa Eldoret hukabiliwa na hesabu ambayo mwenzake wa Boston haijui. Mhariri hutoa miezi michache. Kemikali huagizwa ng’ambo, hukaa forodhani na huweza kuharibika njiani ikiwa barafu imeyeyuka. Umeme nao una mambo yake: Agosti 25, 2023 giza lilitanda karibu nchi nzima kwa saa nyingi, na seli zilizo katika joto la nyuzi 37 hazingojei. Lililo jema ni kumwandikia mhariri mapema, kueleza kikwazo na kuomba muda, na mara nyingi hukubaliwa. Jaribio lisilowezekana likataliwe kwa hoja, hoja ya mhakiki ikinukuliwa kwanza na jibu likifuata chini yake, bila hasira hata pale mhakiki anapoonekana dhahiri hakusoma ukurasa wa nne.

Ada nayo yaweza kumaliza furaha. Mwaka wa 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya yuro 9,500 kwa makala yatakayosomwa bure na kila mtu, kiasi kinachozidi shilingi milioni moja za Kenya. Asiyekuwa na ufadhili aombe msamaha wa ada kabla ya kuwasilisha, asingoje ankara. Wachapishaji wengi hupunguza au kufuta ada kwa nchi zilizo katika orodha za Research4Life, na The Company of Biologists, wachapishaji wa Journal of Cell Science, walifikia makubaliano na shirika la EIFL kwa manufaa ya nchi wanachama, Kenya ikiwemo. Orodha hizi hubadilika, na mtu wa kuulizwa ni mkutubi wa chuo.

Makala yakikubaliwa, mwandishi hutumiwa nakala ya kusahihisha, mara nyingi kwa muda wa saa 48. Atazame vipimo, nambari ya ufadhili na, zaidi ya yote, majina. Mifumo ya kimataifa hudhani jina la mwisho ndilo la ukoo, na mtafiti ambaye majina yake yameandikwa kwa mpangilio mmoja mwaka huu na mwingine mwaka ujao huhesabiwa kuwa watu wawili. Nambari ya ORCID, inayotolewa bila malipo tangu 2012, huliondoa tatizo hilo, mradi iandikwe katika fomu siku ya kwanza ya kuwasilisha.