Maua ya Nyua Zetu na Safari Zake

Sisi tukaao katika milima ya Usambara tuna majira manne katika mwaka: vuli, kiangazi, masika na kipupwe. Mtu mwenye macho aweza kuyatambua kwa kuangalia tu yale yachanuayo uani kwake, hata kama hana kalenda ukutani. Hayo kila mtoto wa shule ayajua. Lakini iko habari nyingine ambayo wachache wameichunguza, nayo ni hii: maua hayo yalitoka wapi, yaliokotwa na nani, na kwa nini yana majina yaliyo nayo? Hiyo ndiyo tupendayo kuieleza, ndugu msomaji, tukifuata mwendo wa mwaka.

Na tuanze na vuli. Mvua ndogo zikaribiapo, katika Oktoba na Novemba, mjakaranda huvaa nguo ya zambarau, na njia ya shule hutandikwa maua kama mkeka. Wako watu wasemao kwamba mti huu ni wa kwetu tangu zamani. Sivyo. Kwao ni Argentina na Bolivia, katika Amerika ya Kusini. Na katika mji wa Buenos Aires pia huchanua mwezi wa Novemba kama hapa petu.

Desemba ikiingia, zamu ni ya mkrismasi. Jina hilo tuliupa sisi wenyewe, kwa kuwa huwaka mwekundu wakati wa Noeli. Huu haukutoka mbali sana: asili yake ni Bukini, yaani kisiwa cha Madagaska. Katika miaka ya 1820 mtaalamu wa mimea aitwaye Wenceslas Bojer, mzaliwa wa Bohemia aliyefanya kazi Morisi, aliukuta huko. Na mwaka 1829 ukaandikwa katika vitabu vya Uingereza kwa jina lenye maana ya mti wa kifalme. Leo umepandwa karibu katika kila nchi ya joto. Walakini kwao Bukini, misitu mingi uotamo wenyewe imekatwa na kuchomwa. Msomaji na alishike neno hilo, maana tutalirudia.

Kiangazi kikija, majani ya mboga hunyauka, nayo bogenvilea ndipo inapopamba moto. Twafahamu kwamba ile rangi tuisifuyo siyo ua. Ni majani yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kile kijimrija cheupe kilicho katikati. Mmea huu jamaa za Wafaransa waliuona Brazili mwaka 1767, walipokuwa katika safari ya kuizunguka dunia chini ya nahodha Louis-Antoine de Bougainville. Mtaalamu wao wa mimea alikuwa Philibert Commerson. Naye alikuwa na msaidizi mchapa kazi, abebaye mizigo na kukusanya mimea, ambaye mabaharia walimdhani kuwa kijana mwanamume. Kumbe alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, aliyevaa nguo za kiume kwa sababu sheria ilikataza wanawake katika merikebu za serikali! Siri yake ilifunuliwa wazi mwaka 1768 walipofika Tahiti. Wanahistoria wengi humhesabu kuwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia. Basi tazameni: ua likapewa jina la nahodha, ambaye kazi yake ilikuwa kuongoza merikebu, wala si jina la mikono iliyobeba mizigo. Jambo hili tutalikuta tena karibu na nyumbani.

Hatuna nafasi ya kusema mengi juu ya ndugu zetu wa pwani, waliokuwa na asumini na waridi tangu siku nyingi, wakifunga vikuba vya kuvaa arusini. Majina yenyewe yaonyesha njia yaliyopita: waridi ni neno la Kiarabu, na asumini latoka kwa Waajemi. Wala hatupendi kusema mengi juu ya lantana. Iliondoka Amerika ikiwa pambo na wigo wa bustani; ndege wakala matunda yake, wakatawanya mbegu, na leo imeshika malisho na mashamba, na ng'ombe aliyeila hudhurika. Si kila mgeni mwenye sura nzuri ni mgeni mwema.

Sasa tumefika masika, na hapo maua ya nchi yetu wenyewe huamka bila kupandwa na mtu. Mkalamu hupanda vichakani, ua lake jekundu na manjano likiwa limejipinda kama ndimi za moto. Kando ya vijito vyenye kivuli huota mmea mlaini wenye shina la majimaji na maua ya waridi au mekundu, ambao kifuko chake cha mbegu kikiguswa hupasuka na kuzirusha. Watoto hucheza nao sana. Mwaka 1868 mmea huo ulipewa jina la Horace Waller, mmisionari aliyekuja Afrika mwaka 1861 pamoja na Askofu Mackenzie. Kisha John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, akapeleka mmea wa namna hiyo kwao, nao mwaka 1882 ukaitwa kwa heshima ya Sultani wa Unguja. Baadaye wataalamu wakaona kwamba mmea wa mmisionari na mmea wa Sultani ni mmoja, na jina lililotangulia likashinda. Siku hizi Ulaya na Marekani hununuliwa kwa wingi kila mwaka, hupandwa mbele ya nyumba, na baridi ikija hufa. Sisi twaukanyaga tukienda kuteka maji.

Lakini ua ambalo kwa ajili yake tumeshika kalamu ni lile dogo lenye majani ya manyoya na rangi ya zambarau, liotalo juu ya majabali, katika kivuli cha msitu, penye kuvu na udongo kidogo sana. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa Wadachi, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya Herrenhausen katika mji wa Hannover, naye mwaka 1893 akaliandika kwa jina la Saintpaulia. Mwaka 1927 wakuzaji wa maua wa Los Angeles walitoa aina 10 walizozichagua kutoka kwa mbegu za Ujerumani na Uingereza. Na mwaka 1946 wapenzi wake huko Marekani wakaunda chama chao. Sababu ya kupendwa kwake ni nyepesi. Kwa kuwa limezoea kivuli cha msitu, laridhika na mwanga mdogo wa dirishani; tena jani moja likichomekwa katika udongo, huzaa mmea mpya. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza katika ukoo mwingine uitwao Streptocarpus, hata jina la Baron likashushwa cheo. Hatukulia.

Waliokaa karibu na majabali yale waliliona ua hilo kabla babu wa Baron hajazaliwa. Hata hivyo ni vigumu leo kumpata kijana wa kijiji chetu awezaye kukuonyesha liotapo, ingawa yule yule atakutajia jakaranda upesi. Na hapa ndipo neno la Bukini linaporudi. Miti mikubwa ikikatwa, jua hupiga jabali, kuvu hukauka, na ua hufa. Katika Usambara ya Mashariki msitu ulipunguzwa kwa mbao, na kwa iliki iliyopandwa chini ya miti. Hatusemi kwamba mpanda iliki alikosa; watoto wake hawali maua. Lakini msitu huo huo ndio unaoulisha mto Zigi, na mji wa Tanga hunywa maji ya Zigi. Mwaka 1997 sehemu kubwa ya msitu ilifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, nasi twafurahi. Walakini majabali mengine yako nje ya mpaka wake, karibu na makonde yetu.

Kipupwe kikiisha nchi huwa kavu, na penye mashamba ya chini utaona mti mmoja usio na jani hata moja, umejaa maua mekundu, chozi wakiruka juu yake. Huo ni mwamba-ngoma. Hakuna nahodha wala baron katika jina lake. Uliitwa kwa kazi yake. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi wasichana huzitunga shanga. Mwaka huu tulikata tawi lake tukalichomeka karibu na mlango wa darasa, nao wanafunzi hawakuamini kwamba kijiti kile kitashika. Sasa kina majani, matatu matatu kwa kila kikonyo, na wanauliza kitachanua lini.