Kiwambo

Mafundi wanaopanga skrini nyingi ukutani ziwe picha moja husema “vidiowoli”. Mimi nashikilia neno lililomo kamusini tayari: kiwambo, kutokana na kuwamba, yaani kuvuta ngozi juu ya ngoma mpaka ikaze.

Na kuwamba ndiyo kazi hasa ya kontrola yake. Ipe picha ya pikseli 3840 kwa 2160 na skrini nne za 1920 kwa 1080, mbili juu, mbili chini: itaikata vipande vinne, kila skrini na chake. Ila iambie kwanza ipi ni ya juu kulia, ipi ya chini kushoto. Ukikosea, miguu ya mchezaji itaning’inia juu ya kichwa chake. Kisha ingiza upana wa fremu, ili picha ipite nyuma yake kama mandhari nyuma ya nondo za dirisha. La sivyo, mstari wa mshazari huvunjika kila kiungoni.

Kontrola niiite “kidhibiti”? Ni sahihi, lakini kinanuka ofisi. Wahenga husema mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Nayo kontrola isiyowekewa uwiano wa upana na kimo huvuta picha mpaka watu wakanenepa.