Zinki ya Kipushi na nanomata za kuunga mfupa

Kipushi ni mji wa migodi mpakani na Zambia, takriban kilomita 30 kusini-magharibi mwa Lubumbashi, katika eneo la Katanga nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mgodi wake ulianza kuchimbwa mwaka 1924 kwa jina la Prince Léopold, ukasimama mwaka 1993, na mwaka 2024 ukarudia kutoa makinikia ya zinki chini ya ubia wa kampuni za Gécamines na Ivanhoe Mines. Zinki, pamoja na shaba iliyoujenga mji huo, ni miongoni mwa metali zinazojaribiwa sana leo katika nanomata, yaani mata za chembe ndogo mno, za kuunga mifupa.

Mfupa ni nyuzi za kolajeni zilizojaa fuwele za hidroksiapatiti, madini ya kalsiamu na fosfati yenye unene wa nanometa chache tu. Nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kiunzi kilichotengenezwa kwa chembe za ukubwa huo, kikijazwa penye pengo la mfupa, hushikwa vizuri na seli, nazo hutandaza mfupa mpya huku chenyewe kikiyeyuka polepole. Njia hii ilifunguliwa mwaka 1969 na Larry Hench wa Chuo Kikuu cha Florida, aliyebuni kioo kinachoshikamana na mfupa hai.

Zinki huchanganywa katika viunzi hivyo kwa kiasi kidogo mno. Huchochea seli zinazojenga mfupa, huzuia zinazoula, na hudhoofisha bakteria, jambo la thamani kubwa pale mfupa uliovunjika umepasua ngozi. Shaba husaidia mishipa mipya ya damu kuchipua. Zikizidi, zote mbili huua seli zilezile, kwa hiyo ugumu wa kazi nzima uko katika kuzifanya zitoke kidogo kidogo.

Kuisifu zinki bila kutaja kadmiamu, metali yenye sumu, ni kusema nusu ya habari, kwani hizo mbili hukaa katika jiwe moja. Nchini Japani, maji machafu ya mgodi wa Kamioka yaliingiza kadmiamu katika mashamba ya mpunga kando ya Mto Jinzu; mifupa ya wakazi, hasa wanawake wazee, ikalainika na kuvunjika. Serikali ilikiri chanzo hicho mwaka 1968. Katanga nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ulikuta kobalti, kadmiamu na risasi kwa wingi katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini. Risasi hujificha mfupani kwa miaka mingi, na mama akiwa mjamzito hutoka pamoja na kalsiamu ikamfikia mtoto tumboni.