Usafi wa Eldoret, Tangu Shamba Namba 64

Unadhifu katika nyanda za Uasin Gishu una umri mkubwa kuliko mji wa Eldoret. Kabla ya walowezi kupimiwa mashamba, Wanandi na jamaa zao wengine Wakalenjin walikuwa na kanuni zao za kutunza mwili, nyumba na vyombo. Kuta zilikandikwa udongo, sakafu ikasiribwa kwa samadi ya ng'ombe ili vumbi litulie na wadudu wapungue, na ua ukafagiliwa asubuhi kabla ya shughuli nyingine. Mwili ulipakwa samli. Vijana wa rika la wapiganaji walisuka nywele zao kwa ustadi, na meno mawili ya mbele ya chini yaling'olewa kama sehemu ya sura ya mtu aliyekamilika. Wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliyaandika hayo kama maajabu. Kwa wenyeji, ilikuwa ndiyo namna ya mtu kuonekana mtu.

Kazi iliyodai uangalifu kuliko zote ilikuwa ya kibuyu cha mursik, ambacho Wakalenjin hukiita sotet, na bado inafanywa hivi leo. Kibuyu husuguliwa kwanza kwa maji na sosiot, ufito wa mkindu uliopondwa ncha hadi ukawa nyuzinyuzi kama brashi. Kikishakauka, kijiti cha mti wa senetwet huchomwa, na kaa lake likiwa bado la moto huingizwa ndani na kusagwa taratibu kwenye kuta za kibuyu mpaka zote ziwe nyeusi na laini. Chenga zilizobaki hukung'utwa. Ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa, kifuniko kikafungwa, na kibuyu kikawekwa mahali pa baridi kwa siku kadhaa. Maziwa hutoka yakiwa na rangi ya kijivu na harufu ya moshi, yameganda bila kuoza. Mwanamke alijulikana kwa vibuyu vyake. Mursik iliyoharibika ilikuwa ushahidi kwamba mahali fulani mkono ulilegea.

Mwaka 1908 msafara wa Makaburu ulioongozwa na Jansen van Rensburg ulifika Uasin Gishu kutoka Afrika Kusini kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa kwenye Shamba Namba 64, kando ya Mto Sosiani, na mwaka 1912 kituo hicho kikapewa jina la Eldoret. Mji wa miaka hiyo haukuwa na sura ya kuringia. Ulikuwa vibanda vya mabati na mbao, na adui yake mkuu alikuwa tope. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na mvua kubwa huchukua miezi mingi ya mwaka. Barabara ya kutoka stesheni ya Londiani, ambako bidhaa zote zilishushwa, ilimeza magurudumu hadi kwenye ekseli. Reli ilipofika mwaka 1924, pamoja na mazao na mashine iliuletea mji saruji, mabati na sabuni kwa bei ambayo watu wengi zaidi wangeweza kuimudu.

Wakati huohuo usafi uligeuzwa kuwa hoja ya siasa. Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyezuru Afrika Mashariki miaka ya 1913 na 1914 kutokana na hofu ya tauni, alipendekeza miji igawanywe kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na ardhi tupu katikati. Pendekezo hilo lilivaa joho la sayansi, lakini panya na viroboto hawasomi ramani. Kilichohitajika ni mitaro, mabomba na nyumba zenye nafasi. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1921 iliwapa maofisa mamlaka ya kukagua nyumba na kuamuru kero iondolewe. Mwaka 1923 waraka wa serikali ya Uingereza, unaojulikana kwa jina la Devonshire, uliikataa sera ya kutenga makazi ya mijini kwa misingi ya rangi, ila utengano ulidumu kwa njia ya bei za viwanja, masharti ya hati na desturi. Mtaa wa Elgon View ulibaki wa Wazungu, wenye bustani na miti ya vivuli. Wahindi walikaa karibu na maduka yao. Waafrika walipangiwa makazi yao pembeni, na hata tiba ilitengwa: hospitali iliyoanzishwa mwaka 1916 kwa ajili yao ilikuwa na vitanda 60. Hiyo ndiyo iliyokua hadi kuwa Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi.

Mwaka 1928 maji ya Sosiani yaliingizwa kwenye mabomba, na mwaka 1933 umeme ukafuata. Huduma hizo zilianza kwa walioweza kulipia na walioruhusiwa kukaa zilikopita. Mzigo wa unadhifu wa mji mzima, hata hivyo, ulikuwa mikononi mwa watu wengine. Mpishi na mtumishi wa ndani walivalishwa kanzu nyeupe iliyotakiwa isiwe na doa, na dobi alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ambamo hangealikwa kuketi. Jioni watu hao walirudi kwenye vyumba vya msongamano, ambako maji yalibebwa kwa ndoo. Tangu miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika pia kubeba kipande, ambacho wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kikebe cha bati. Hata shati lake lingekuwa safi namna gani, kikebe kile kilikuwa juu yake. Dhuluma hiyo haifai kusahaulika kila inapotajwa jinsi miji ya wakoloni ilivyokuwa safi.

Shule za misheni na za serikali zilileta kipimo kingine. Mkaguzi wa asubuhi alitazama kucha, nywele, kola na shingo, na kaptura ya khaki ikawa alama ya msomi. Baada ya uhuru desturi hiyo ya sare ilikuta viwanda mjini penyewe. Rivatex, kiwanda cha nguo kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1970, kilichukua pamba na kutoa kitambaa kilichokamilika. Ken-Knit kilifuma sweta na blanketi, na Raymond kilisokota sufu. Katika mji wenye baridi ya asubuhi, sweta ya shule si pambo. Mafundi cherehani walijipanga kwenye varanda za maduka, na kila Januari foleni za wazazi zilijaa mbele yao: sketi ishushwe pindo, suruali iachwe kipande cha kukunjuliwa mtoto akirefuka. Pasi ya makaa ilikuwepo karibu kila nyumba. Ilipepewa kwanza nje ili majivu yasidondoke kwenye shati jeupe, kisha ikajaribiwa kwenye kitambaa kilicholoweshwa.

Mji ulikua kwa kasi ambayo mitaro haikuifuata. Sensa ya 1969 ilihesabu watu wapatao 18,000, ya 1979 wapatao 50,000, na ya 2019 zaidi ya 475,000. Mashamba ya zamani ya walowezi yaliyonunuliwa na wananchi na kukatwa viwanja vidogo vidogo yalizaa mitaa kama Langas na Munyaka. Humo kisima na choo cha shimo vilichimbwa ndani ya kiwanja kimoja, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Watu wa mitaa hiyo wamefanya juhudi kubwa kuliko wa Elgon View ili waonekane nadhifu. Mfanyakazi hutoka nyumbani msimu wa mvua na gambuti miguuni na viatu vya kazini mfukoni, au hufika stendi na kumpa kijana mwenye kidebe cha maji na brashi avioshe viatu kabla hajaingia ofisini. Biashara hiyo ndogo imewalisha wengi, na ipo kwa sababu barabara ya lami haifiki mlangoni.

Kufunguliwa kwa soko la nchi kwa bidhaa za nje miaka ya 1990 kulileta mitumba kwa marobota. Mtu wa kipato cha chini aliweza sasa kuvaa koti la sufu, na wachuuzi wakajifunza kufua, kupiga pasi na kutundika nguo hadi zionekane mpya. Rivatex ilishindwa kuhimili ushindani na matatizo ya uendeshaji, ikawekwa chini ya mrasimu mwaka 1998, kisha milango ikafungwa. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda hicho mwaka 2007, na mwaka 2019 kilizinduliwa upya kikiwa na mitambo mipya iliyogharimiwa kwa mkopo kutoka India.

Mto Sosiani ulibeba gharama ya yote hayo. Magari yalioshewa kando yake, taka za masoko na maji machafu ya mitaa vikateremka humo, na maji ya kunywa yakalazimika kutafutwa mbali zaidi, hata kwenye bwawa la Chebara huko Elgeyo Marakwet. Katiba ya 2010 iliandika haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi na yenye afya, katika kifungu cha 42, na ikakabidhi kaunti kazi ya kuzoa taka. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kote tarehe 28 Agosti 2017, na matawi ya miti kando ya barabara yakaondokewa na utitiri wa mifuko uliokuwa ukining'inia. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ilidai taka zitenganishwe tangu nyumbani.

Tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto alikabidhi Eldoret hati ya jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 inalitaka jiji liwe na uwezo wa kutoa huduma za msingi, zikiwemo maji, majitaka na uzoaji wa taka. Langas na Munyaka zimo ndani ya jiji hilo, na mabomba, mitaro na malori ya taka ambayo zinadai kupelekewa ni yaleyale yaliyoanza kufika Elgon View karibu karne moja iliyopita.