Chungu, Sahani na Mpaka: Historia Fupi ya Hoteli na Vilabu vya Busia na Tororo

Wenzetu wa Ulaya, majira ya baridi yanapoingia, huandika sana juu ya mikahawa na baa za mijini ambamo mtu hujipasha moto, akala, akanywa na kuzungumza hadi usiku. Busia na Tororo hazijui theluji. Hata hivyo zina mvua kubwa za Machi hadi Mei, na nyingine za kuanzia Agosti hadi Novemba, ambapo jioni huwa na ubaridi na barabara huwa tope tupu. Msafiri wa mpakani naye hutafuta mahali penye moto na watu. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya mahali hapo, yaani hoteli za chakula na vilabu vya pombe, na kuonyesha jinsi palivyokisaidia Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba, katika sehemu hii ya Afrika Mashariki, Kiswahili kilijengwa kwenye meza na chungu kabla hakijajengwa darasani.

Kabla ya mpaka

Ifahamike kwamba njia ya kwenda Uganda ilipita jirani na Busia kabla ya mpaka wenyewe kuwepo. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilikuwa ikituama Mumias, mahali palipojulikana zamani kwa jina la Kwa Sundu. Joseph Thomson alifika huko mwaka 1883, na Askofu James Hannington alipita mwaka 1885 akielekea Busoga, ambako aliuawa. Misafara hii ilihitaji chakula kingi, na kila mpagazi alipewa fungu lake la chakula, yaani posho.

Neno hilo halikupotea. Baadaye lilitumika kwa mgao wa unga waliopewa askari, vibarua na wanafunzi, na kwa kuwa unga huo aghalabu ulikuwa wa mahindi, posho nchini Uganda ikawa jina la chakula chenyewe. Leo mtu akiketi hotelini upande wa Kenya huagiza ugali, naye akivuka akaketi upande wa Uganda huagiza posho. Sahani ni ile ile. Kilichobadilika ni historia iliyomo ndani ya neno.

Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta wako pande mbili za mstari. Upande wa Uganda, majeshi ya Semei Kakungulu yalikuwa yamekwisha kuingia Bukedi, na Luganda ikafuata kama lugha ya utawala. Upande wa Kenya, Kiswahili kilishika nafasi katika kazi za serikali, reli na mashamba. Lakini mtu wa kawaida wa Busia alikuwa na Kiteso, Kisamia, Kidhopadhola, Kijaluo au Kiluhya nyumbani mwake, na hapakuwa na lugha moja kati ya hizo iliyoweza kuzitawala nyingine sokoni.

Chungu cha malwa

Kabla ya hoteli palikuwa na chungu. Malwa, ambayo Wateso huiita ajon, hutengenezwa kwa wimbi, au ulezi kama wasemavyo Watanzania. Unga huchachushwa, hukaangwa na kuanikwa, kisha huchanganywa na kimea na kuachwa uchachuke tena. Wakati wa kunywa, togwa hilo zito hutiwa katika chungu kikubwa, na maji ya moto humiminwa juu yake. Wanywaji huketi kwa duara, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio kidogo nchani, na maji ya moto huongezwa kadiri kinywaji kinavyopungua. Jioni ya mvua, ni vigumu kupata kinywaji kinachofaa zaidi.

Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wateso wa Kenya, aliandika mwaka 1980 insha inayojulikana sana kuhusu unywaji huu. Alionyesha kwamba kuketi pamoja kwenye chungu ni alama ya kuaminiana, na hapo hapo ni mahali pa hofu, kwani anayeketi karibu nawe ndiye anayeweza kukudhuru. Ndiyo maana chungu kina adabu zake, na mgeni asiyezijua hutambulika mara moja. Mgeni huyo anapokaribishwa na wasiojua lugha yake, adabu hizo hazina budi kuelezwa kwa lugha ya tatu. Mara nyingi lugha hiyo imekuwa Kiswahili.

Pombe hii ilianza kuuzwa kwa fedha watu walipoanza kulipwa mishahara. Reli kutoka Nakuru kupitia Eldoret ilipita Malaba na Tororo na kufika Kampala mwaka 1931. Tororo ikawa makutano, kwa kuwa hapo ndipo tawi la Mbale na Soroti linapoanzia, na katika miaka ya 1950 kiwanda cha saruji kikaanza kazi. Mfanyakazi aliyetoka mbali hakuwa na mama wala mke wa kumpikia. Wanawake waliokuwa wakipika pombe kwa ajili ya sherehe na kazi za pamoja shambani waliona nafasi hiyo. Kwa fedha ya chungu wengi wamelipa karo za watoto, na jambo hili halifai kusahauliwa tunapoandika historia ya elimu.

Chai, chapati na meza ndefu

Hoteli, kwa maana ya Kenya na Uganda, ni nyumba ya chakula. Si lazima iwe na vitanda. Anayetafuta kitanda huuliza lojingi. Vyakula vya hoteli hizi vinasimulia nani alipita: chapati, sambusa na chai ya maziwa tumevipata kwa Wahindi waliokuja na reli na maduka, matoke yametoka magharibi, samaki wametoka Ziwa Victoria, ambalo haliko mbali. Hata samaki mmoja mdogo hutufundisha jiografia. Mkenya humwita omena, Mganda humwita mukene, na Mtanzania humwita dagaa. Mhudumu mzuri wa Busia huyajua majina hayo yote, naye hulichagua moja baada ya kumsikia mteja akisema sentensi moja tu.

Pombe ya chupa ilichelewa. Kampuni ya bia ya Kenya ilianzishwa mwaka 1922, ya Port Bell mwaka 1946, na ya Jinja mwaka 1951, lakini sheria za kikoloni zilimwekea Mwafrika mipaka katika vinywaji vya Kizungu, na mipaka hiyo ililegezwa hasa baada ya Vita Kuu ya Pili. Baa ikawa alama ya heshima, na kilabu cha pombe ya kienyeji kikaonekana cha watu wa chini. Serikali huru nazo ziliendelea kutunga sheria. Uganda ilitunga sheria ya enguli mwaka 1965, na pombe hiyo ikaanza kusafishwa kiwandani na kuuzwa kwa jina la Uganda Waragi. Kenya iliharamisha chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980, ikairuhusu tena kwa masharti mwaka 2010. Kwa miaka hiyo 30, mpikaji wa upande wa Kenya aliishi akisikiliza hatua za askari.

Miaka ya magendo

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na maduka mengi yakawa matupu. Sukari, chumvi na sabuni zikatafutwa Kenya, kahawa ikavushwa usiku kutoka Uganda, na neno magendo likawa neno la kila siku hata kwa Mganda asiyejua Kiswahili kingine. Ni katika biashara hii ya mpakani pia ndipo lilipozaliwa neno boda boda, kutokana na waendesha baiskeli waliowaita abiria wa kuvushwa kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Maneno haya mawili hayakuundwa na kamati yoyote.

Mwaka 1973 wajumbe wa wilaya 20 za Uganda waliulizwa kuhusu lugha ya taifa. Wilaya 12 zilitaka Kiswahili na nane zikataka Luganda, na Amin akatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo halikuambatana na walimu wala vitabu vya kutosha. Wakati huo huo raia wengi walikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa askari mwenye bunduki. Kwa hiyo, katika sehemu nyingi za Uganda, lugha hii ikabaki na sura ya amri na woga.

Hapa ndipo umuhimu wa hoteli na kilabu unapoonekana. Busia na Tororo zilikisikia Kiswahili hicho cha amri, lakini zilikuwa na kingine cha kukilinganisha nacho. Mtoto aliyetumwa kununua chapati alikisikia kikitumiwa kukaribisha, kupatana bei, kusalimu, kutania na kuomba radhi. Sauti ya askari haikuwa sauti pekee. Hata Desemba 1987, majeshi ya nchi mbili yalipopigana hapo Busia, watu wakafa na mpaka ukafungwa, lugha ya kupatanisha majirani ilikuwepo tayari pindi njia zilipofunguliwa.

Kiswahili cha hoteli na kazi ya mwalimu

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili cha hoteli ni kibovu. Ni kweli kwamba mhudumu huweza kusema "kikombe moja" na "samaki moja", na upatanisho wa ngeli ukaachwa mlangoni. Kazi yetu ni kumpa mwanafunzi "kikombe kimoja" na "samaki mmoja", wala hatukusudii kuiacha. Lakini kurekebisha ni jambo moja na kudharau ni jambo jingine. Mwanafunzi akiambiwa kwamba alichojifunza kwa mama yake muuza chai si lugha, ataona Kiswahili cha darasani kuwa lugha ya wageni, nasi tutakuwa tumeirudisha ile sura ya amri.

Suala hili si la zamani tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Uganda ilikiweka katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Shule zinazotafuta walimu na mifano ya matumizi halisi zinayo Busia karibu.

Wakati huo huo mahali penyewe panabadilika. Zamani dereva wa lori aliweza kungoja karatasi zake siku nzima au zaidi, akala na kulala hapo. Februari 2018 marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta walizindua kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri hukaguliwa mahali pamoja badala ya pawili. Ni maendeleo makubwa, ila dereva asiyengoja haagizi chakula. Kisha mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona: foleni za malori zikawa ndefu mno, madereva wakaogopwa, na baa zikafungwa kuanzia Machi, upande wa Uganda hazikuruhusiwa kufunguliwa hadi Januari 2022. Si kila aliyezima moto aliweza kuuwasha tena.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wanafunzi wetu wanaotafuta mada za tasnifu. Kwanza, wakusanye msamiati wa wapikaji wa malwa na busaa, kuanzia kimea hadi mrija, kabla wazee hawajaondoka nao. Pili, warekodi jinsi bidhaa zinavyoitwa pande zote mbili za mpaka. Tatu, wachunguze adabu za kukaribisha, kuagiza na kukataa, maana vitabu vyetu vina salamu nyingi lakini havimfundishi mtu namna ya kukataa kinywaji bila kumvunjia mwenyeji heshima. Hilo, kwenye chungu cha Tororo, hata asiyekunywa hana budi kulijua.