Nani aliifunga njia ya Burundi?

Lori la kahawa likitoka Gitega kwenda Dar es Salaam hupita Muyinga, likavuka Kobero hadi Kabanga, upande wa pili wa mpaka, na hapo dereva hushuka na bahasha yake. Ndani mna karatasi za mzigo, za ubora na za ushuru; moja ikikosekana, atalala mpakani. Mkulima wa Mutaho, anayebeba matunda ya kahawa kichwani hadi kituo cha kuoshea, hazioni kamwe karatasi hizo, ila gharama ya kuzipata huishia kwenye bei anayolipwa.

Wapo wanaosema biashara ya nje ililetwa kwenye milima hii na Wazungu, na kwamba kabla yao Burundi ilikuwa imejifungia. Dai la kwanza halihitaji mabishano marefu: chumvi ya Uvinza ilikuwa ikiingia Burundi kabla Mjerumani hajaijua njia ya kwenda huko. Dai la pili ndilo lenye utamu, kwa sababu ipo amri ya mwaka 1905 inayolipindua juu chini, na wanaolirudia dai hilo ni nadra kuitaja.

Kabla ya kuifikia amri hiyo, tuanze na hongo. Leo neno hili linanuka rushwa. Enzi za misafara lilikuwa ni nguo, shanga na waya wa shaba aliotoa kiongozi wa msafara kwa mtawala wa eneo ili watu wake wapite, wachote maji na wanunue chakula bila bughudha. Aliyelipa alikuwa mgeni halali. Kwa kila hali, hicho kilikuwa kibali cha biashara, isipokuwa hakikuwa na muhuri. Wasafiri wa Kizungu waliokuta mfumo huo waliulalamikia kama unyang'anyi, na maneno yao ndiyo yaliyosalia vitabuni. Aliyekuwa akipokea nguo hizo hakuachiwa ukurasa. Henry Morton Stanley, akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alilipa hongo nzito Uha, jirani ya Burundi. Alipoona mbele anadaiwa tena, akawatorosha watu wake usiku na kupita porini hadi akaikwepa nchi hiyo. Watu wa forodha wanalo jina la safari ya namna hiyo: njia ya panya.

Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo, aliyetawala Burundi kwa zaidi ya nusu karne hadi kifo chake mwaka 1908, naye anasingiziwa kufunga nchi. Wakati wake watu wa Rumaliza, tajiri wa Ujiji na mshirika wa Tippu Tip, walijaribu kupanda milimani kutoka Ziwa Tanganyika wakitafuta watumwa na pembe, wakarudishwa. Kumzuia mtu anayekuja na bunduki kuteka watu, na kukataa biashara, ni mambo mawili tofauti.

Sasa tuje 1905. Miaka miwili baada ya Mwezi kusalimu amri kwa Wajerumani kule Kiganda, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani alitoa amri ya kuzifunga Rwanda na Burundi. Mfanyabiashara asiye mwenyeji, awe Mhindi, Mwarabu au Mswahili wa pwani, hakuruhusiwa kuingia bila kibali cha maandishi kutoka kituo cha kijeshi cha Usumbura, Bujumbura ya leo. Gavana huyo alikuwa Gustav Adolf von Götzen. Mwaka 1894 yeye mwenyewe aliivuka Rwanda akiongoza mamia ya wapagazi hadi kwa Mwami Rwabugiri, na hakuna aliyemdai hati.

Kwa nini alifunga? Utetezi wa kikoloni ni kwamba wenyeji walihitaji kulindwa dhidi ya walanguzi. Huu hauhitaji muda mrefu: serikali yenye huruma hiyo haingekuwa imetoka tu kuichoma nchi ya Mwezi ili anyenyekee. Hoja ya pili, kwamba wamisionari wa Kikatoliki hawakutaka Uislamu upande milimani pamoja na kanzu na mizani, ina uzito wake. Walikuwa wamefungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899, na mfanyabiashara Mswahili walimwona kama mpinzani. Lakini hoja yenye nguvu kuliko zote ni ya hesabu. Wajerumani walikuwa wachache mno, wakitegemea kutawala kupitia kwa wami na machifu. Mgeni mwenye mali, bunduki na habari za nchi za nje angeweza kumpa chifu yeyote nguvu isiyopitia Usumbura. Vita ya Maji Maji, iliyozuka kusini mwa koloni Julai mwaka huohuo, ilionyesha ubavu wao ulivyokuwa mwembamba.

Kibali, basi, kilimchuja mtu kabla ya bidhaa. Ngozi za ng'ombe na mbuzi ziliendelea kutoka kwenye nyanda hizi kuelekea Bukoba, zikavuka Ziwa Victoria hadi reli ya Kisumu na Mombasa. Wala Waswahili hawakutoweka: mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ni ushahidi unaotembea kwa miguu.

Wabelgiji, walioishika Burundi baada ya Wajerumani, waligeuza swali: si nani aingie tena, bali bidhaa itoke vipi. Kwa mkataba wa 1921 na Waingereza walipata maeneo yao ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, yaliyoitwa Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Miaka ya 1930 wakawalazimisha wakulima kupanda kahawa, kisha wakaunda ofisi ya kuisimamia. Uhuru ulikuja 1962, ofisi zikabadilisha majina.

Safari iliyofuata ya kufungwa, mlango ulikomewa kutoka nje. Julai 1996, baada ya Pierre Buyoya kuchukua madaraka, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara, vikasitishwa Januari 1999. Mwaka 2007 Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sasa mpaka una kituo cha pamoja: lori litokalo Burundi hukaguliwa Kabanga, upande wa Tanzania, na liingialo hukaguliwa Kobero, maofisa wa nchi zote mbili wakiwa chini ya paa moja. Bahasha ya dereva haijapungua unene.